Siku Kumi na Nne za Lamunu

Kosa lenyewe lilikuwa la mstari mmoja, tena mstari ulionyooka vizuri. Loice Nakhisa aliuchora kwa rula mwishoni mwa Septemba, kutoka tarehe ishirini na saba Januari hadi tarehe ishirini na sita Septemba. Akahesabu miezi minane, akaigawa kwa minne, akapata mbili, akazidisha kwa saba. Siku kumi na nne. Akaziandika kwenye fomu ya njano, akatia sahihi yake yenye mkia mrefu, akamwarifu Lamunu, mlinzi wa geti la shule, na kumtakia safari njema. Hakuuliza mtu. Aulize nini, na sheria imebandikwa ukutani juu ya meza yake: kila miezi minne ya kazi mfululizo, siku saba za likizo yenye mshahara?

Kampuni ya ulinzi ya Kesha ilikuwa na ofisi zake Kansanga, Kampala, ghorofa ya kwanza, nyuma ya duka la vyuma. Chini ya dirisha la Loice palikuwa na uwanja wa sementi ambapo kila Ijumaa saa moja asubuhi walinzi walipiga paredi. Loice alikuwa ametoka Bungoma, Kenya, mwezi wa pili kuja kuwa karani wa watumishi hapo, na kwa miezi minane hiyo paredi kwake ilikuwa kelele za buti tu, kitu cha kumfanya afunge dirisha ili asikie simu.

Jumanne, Lamunu akiwa ameshaondoka siku tisa, simu ya mezani ililia.

"Roice, kuja. Na ulete fairo ya Ramunu."

Alikuwa Madam Safinah, mwenye kampuni, Mganda ambaye mdomoni mwake l na r hubadilishana. Ukimsikia Safinah akiita faili la mtu kabla ya saa nne, ujue hajaliita kwa ajili ya kulipamba. Loice alilibeba kwa mikono miwili, akaingia, akasimama.

"Shule wamenipigia," Safinah alisema. "Wanasema getini kuna mutu hawamjui. Ramunu iko wapi?"

"Yuko likizo, madam. Alienda kwao Kitgum tarehe ishirini na tisa."

"Rikizo gani?"

"Ya mwaka. Siku kumi na nne. Nilihesabu kutoka siku ile aliingia kazini."

Safinah alivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya mtandio, taratibu, kioo kimoja baada ya kingine.

"Sikiliza, nnyabo. Huyo ni mutu ya muhula. Tuko nao arobaini na mbili, wote wa shule. Muhula ni miezi mitatu. Shule ikifunga, mukataba imeisha, wanaenda nyumbani wiki tatu. Shule ikifungua, naandika mupya mimi mwenyewe. Sasa hiyo miezi minne wewe umetoa wapi?"

Loice aliiona hesabu pale pale, bila karatasi. Muhula wa kwanza, miezi mitatu na siku chache: haijafika minne, sifuri. Muhula wa pili unaanza upya kutoka moja: sifuri tena. Kwa hesabu hiyo mtu angeweza kulinda geti la shule miaka kumi, mvi zikamjaa, na bado asifikishe siku moja ya kupumzika. Ilikuwa hesabu ya kikatili, lakini namba zake zilikaa sawasawa. Na yeye aliirukia kama mtu asiyejua kusoma.

"Sikujua, madam."

"Sasa umejua. Mutu hana rikizo, na hayuko kazini siku tisa. Anaitwa nani?"

Loice aliliweka faili mezani.

"Anaitwa mutoro. Siku tano tu, tunatoa jina. Andika balua. Ijumaa Odyek atasoma majina bila lake, na shule tutawapa mutu mwingine."

"Lakini madam, fomu nilisaini mimi. Iko humu ndani."

"Fomu gani?" Safinah aliuliza, akitazama dirishani. Faili lilikuwa mezani mbele yake na hakuligusa. "Mimi sijaona fomu. Nimeona fairo tu." Akavaa miwani yake. "Mukataba yako inaisha Novemba, si ndiyo? Na kibali yako ya kazi, kampuni ndiyo inakuandikia. Kale, haya. Nenda uandike balua."

Hivyo tu. Hakupandisha sauti, hakupiga meza. Afadhali angepiga meza.

Loice alirudi na faili kwenye kiti chake akakaa kama mgeni. Alijua vizuri alichoambiwa. Fomu ikipotea, Lamunu ni mtoro, na karani hana kosa lolote. Fomu ikibaki, karani ametoa likizo isiyokuwepo. Mmoja wao lazima aanguke, na aliyepewa kalamu ya kumwangusha mwenzake ni yeye.

Kilichomwumiza si hicho peke yake. Alikumbuka siku Lamunu alipokuja kuomba. Mama wa miaka hamsini na mbili hivi, mjane wa polisi, aliyelelewa kambini na kuzeekea kambini, kofia ameishika kifuani kana kwamba ofisi ile ni kanisa. Alieleza kwa Kiswahili chake cha kambi kwamba watu wa kata wanakwenda kupanda miti ya mpaka kwenye shamba la marehemu mumewe.

"Kama mimi hapana simama pale na miguu yangu, madam Loice, shemeji yangu atapanda miti mpaka ndani ya jikoni yangu." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nipe siku yangu kama iko. Kama hapana iko, sema tu. Mimi sitaenda. Kazi ndiyo inalisha wajukuu."

Kama hapana iko, sema tu. Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yakimtafuna. Mama aliuliza vizuri, swali la mtu mzima anayejua bei ya kukosea, na Loice akamjibu kwa sauti ya kujiamini, rula mkononi: "Ziko, mama. Ziko kumi na nne nzima."

Alipiga simu. Namba haikupatikana. Alipiga tena baada ya chakula cha mchana, ambacho hakukila, kisha akapiga tena na tena. Kufikia saa kumi na moja alikuwa amepiga mara kumi na moja, na mara zote yule mwanamke wa kwenye mtandao alimjibu kwa upole uleule wa kuudhi. Na hata angempata, angemwambia nini? Rudi mbio, nimekosea? Safari ya kutoka Kitgum ni siku nzima, na kurudi kwenyewe kusingefuta siku tisa. Kungemwachia tu shemeji yake shamba, na kazi ingekuwa imekwenda vilevile.

Jumatano alianza barua. Aliandika tarehe, akaandika jina, akaandika "Umeondoka kazini bila", akakwama. Neno lililobaki lilikuwa "ruhusa". Alilitazama kwenye mawazo yake nusu saa nzima. Mara mbili mhudumu wa chai aliingia, mara mbili Loice alifunika skrini kwa karatasi kama mwizi. Mchana alifungua faili la Lamunu, akaichomoa ile fomu ya njano, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya mkoba wake, kwenye kifuko cha pembeni anachowekea dawa za kichwa. Alijiambia anaihifadhi isije ikapotea. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Jioni hiyo, chumbani kwake Kyebando, ugali haukushuka. Mkoba aliutundika mlangoni, na kila alipogeuka ulikuwa pale ukimtazama. Alijaribu kujitetea. Alijiambia kwamba mama yule atapata kazi nyingine, Kampala ina mageti mengi. Kisha akamwona mama wa miaka hamsini na mbili akibisha hodi kwenye kampuni nyingine, anaulizwa kwa nini aliondolewa, na barua inasema mtoro. Nani huajiri mlinzi mtoro? Neno lile lingemfuata kila geti. Loice alijua hilo, na aliona haya mbele ya mkoba wake mwenyewe.

Alhamisi asubuhi alikata shauri la kufanya jambo moja dogo, kwa kuwa makubwa yalimshinda. Alishuka chini stoo ya sare kumtafuta Afande Odyek, mkuu wa walinzi, amuulize kama kuna jirani yeyote wa Lamunu mwenye simu inayoshika.

Odyek alikuwa mwanajeshi mstaafu kutoka Lango, kule kaskazini, mrefu, mkavu, mwenye masharubu aliyoyachana kwa kitana. Aliketi juu ya sanduku akihesabu mikanda.

"Hapana jua jirani," alisema bila kuinua kichwa. "Lakini Lamunu atarudi Jumatatu. Yeye hapana kosa siku. Hajawahi."

"Afande," Loice alisema, "akirudi Jumatatu hatakuwa na kazi. Madam anasema watu wa muhula hawana likizo. Anasema shule ikifungwa mkataba umekwisha, wanakuwa si watu wetu. Kesho usisome jina lake."

Odyek aliacha mikanda. "Nani si watu yetu?"

"Wa muhula. Wakati shule imefungwa."

"Wakati shule imefungwa," Odyek alirudia polepole, kama anayeonja chakula kilichochacha, "hawa watu iko wapi Ijumaa saa moja?"

"Sijui, afande. Nyumbani."

Hapo mzee alisimama. Wallahi alisimama wima kama ameitwa na jenerali. "Nyumbani! Madam Loice, wewe unakaa juu pale miezi minane, unafunga dirisha. Hujawahi kuangalia chini? Paredi! Wote! Shule ifungwe, isifungwe, Ijumaa buti inang'aa, namba inaitwa, mutu anajibu. Mimi siwezi kuweka askari wiki tatu bila kumuona. Atarudi na tumbo!"

Alivuta kutoka juu ya kabati daftari kubwa jeusi lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Kila Ijumaa ilikuwa na ukurasa wake, kila jina na alama yake, kwa mwandiko mnyoofu wa kijeshi. Loice alipiga magoti sakafuni, wala hakujali sketi. Alipekua hadi Mei, shule ilipofungwa baada ya muhula wa kwanza. Ijumaa ya kwanza, Lamunu: yupo. Akaruka hadi mwisho wa Agosti: yupo. Septemba wiki ya kwanza: yupo, na mbele yake Odyek ameandika, "ametumwa bohari, zamu ya mchana." Septemba wiki ya pili: yupo.

Alirudi Mei, Ijumaa ya tatu: yupo. Ijumaa ya pili, tarehe kumi na sita: hakuna alama.

"Hapa hakuwepo," alisema.

"Soma vizuri. Pembeni."

Pembeni, kwa wino mwekundu, palikuwa na herufi mbili na namba. RH 31.

"Ruhusa," Odyek alisema. "Mujukuu wake alikuwa anachomwa sindano hospitali. Akaomba ruhusa ya siku moja. Mimi mwenyewe siwezi kutoa, sheria yangu ni moja: ruhusa inagongwa muhuri kule juu kwa madam." Akatoa kitabu chembamba cha vishina vya ruhusa zilizotolewa, akapekua, akakifunua mbele ya macho ya Loice. Kishina namba thelathini na moja. Jina la Lamunu. Na chini yake muhuri wa zambarau wa mkurugenzi, na sahihi ya Madam Safinah mwenyewe, imelala upande kama ilivyo kawaida yake.

Loice alikitazama kishina kile mpaka herufi zikaanza kucheza.

Ilimchukua saa tatu kutoka stoo hadi mlangoni kwa madam. Si kwamba ngazi zilikuwa ndefu. Alikwenda mezani kwake, akanywa maji, akaenda msalani, akarudi, akanywa maji tena. Alijua akiingia ofisi ile na daftari lazima aingie na fomu pia, la sivyo daftari halina maana. Na fomu ina mkia wa sahihi yake. Mwishowe alifungua mkoba, akaitoa kwenye dawa za kichwa, akaikunjua. Ilikuwa na mikunjo minne iliyomsema vibaya. Akapiga moyo konde, akaingia. Odyek alimfuata nyuma, kofia kwapani.

"Balua iko wapi?" Safinah aliuliza.

"Sijaandika, madam. Nimeleta fomu." Aliiweka mezani, akailainisha kwa kiganja. Haikulainika. "Nilikosea. Sikujua kuna hesabu ya muhula, na sikuuliza. Nilipiga mstari tu. Lakini nimehesabu tena, na jibu ni lile lile."

"Jibu gani? Muhula ni miezi mitatu."

"Muhula ndiyo, madam. Lakini kazi haikukatika." Alifungua daftari jeusi. "Shule ilifungwa Ijumaa tatu Mei, na Ijumaa tatu kati ya Agosti na Septemba. Alikuja paredi mara tano kati ya sita. Siku nyingine akatumwa bohari kushika zamu."

Safinah alisukuma hewa kwa mkono. "Paredi si kazi. Hiyo ni mazoea ya Odyek. Anapenda kupiga kelele, mimi namuacha."

Odyek alikohoa. "Madam, mwaka jana yule Oloo wa muhula alikosa paredi tatu wakati shule imefungwa. Mimi nikasema tumusamehe. Wewe ukasema toa jina, ametoroka kazi. Kazi gani, madam, kama hapana kazi?"

Nje, mwenye duka la vyuma alikuwa akikata nondo, na mlio ule uliingia mpaka kwenye meno.

"Na hiyo ya sita?" Safinah aliuliza hatimaye. "Umesema tano kati ya sita."

Loice aliweka kishina juu ya fomu. Hakuwa na nguvu ya kukieleza vizuri. Alisema tu kilichomjia.

"Siku hiyo aliomba ruhusa, madam. Ukampa. Mtu ambaye si wetu, ulimpa ruhusa ya kutokuwa wapi?"

Alijuta papo hapo. Lilikuwa swali la kihuni, la kumwuliza mtu wa rika lako, si mwenye kampuni. Safinah alikiinua kishina, akakisogeza karibu na macho, akavaa miwani, akakitazama tena. Uso wake haukusema neno. Mtu angeweza kuufasiri vyovyote, na Loice aliufasiri vibaya kila njia.

"Unajua kama huyu ana siku, wote wana siku?"

"Najua, madam."

"Wote arobaini na mbili."

"Ndiyo, madam."

"Acheni hivi vitu hapa. Odyek, niletee orodha ya kesho nami niione. Kesho nitakuja paredi mimi mwenyewe." Akawatazama wote wawili. "Tokeni."

Ijumaa Loice aliamka kabla ya saa ya kengele, kama kweli alikuwa amelala. Saa moja kasorobo alikuwa amesimama chini, mlangoni mwa stoo, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Walinzi walijipanga mistari minne, na alishangaa jinsi walivyokuwa wengi na jinsi buti zilivyong'aa. Kwenye mstari wa pili palikuwa na pengo la mtu mmoja. Hawakuliziba. Katika paredi ya Odyek nafasi ya mtu ni ya mtu, na aliye kushoto kwake ndiye humjibia akiwa mgonjwa au ana ruhusa. Jina lisilojibiwa huandikwa mtoro hapo hapo, hadharani. Kushoto kwa pengo lile alisimama mlinzi mmoja aitwaye Tarcisio.

Safinah alishuka ngazi na bahasha mkononi, akampa Odyek, kisha akasimama kando bila kumsalimu mtu. Ndani ya bahasha ilikuwa orodha. Loice alijaribu kusoma uso wa Odyek alipoifungua, lakini mzee alikuwa na uso wa paredi, ambao hausomeki.

Majina yalianza. Kila jina lilijibiwa kama kofi. Herufi zilisogea. Ikafika L.

"Laker!"

"Afande!"

"Lakica!"

"Afande!"

Odyek alivuta pumzi. Ilikuwa pumzi moja tu, lakini kwa Loice ilitosha kuona barua ikiandikwa, geti la shule likifungwa, na mama amesimama barabarani na begi lake.

"Lamunu!"

Lilikuwapo. Jina lilikuwapo! Lakini hakuna aliyejibu. Tarcisio alimtazama Odyek, akamtazama Safinah, akatazama buti zake. Alijua kusema "mgonjwa", alijua kusema "ruhusa", kama alivyomjibia Lamunu Ijumaa iliyopita. Lakini kwa mtu wa muhula kujibiwa "likizo" mbele ya mwenye kampuni, jambo hilo halijatokea tangu uwanja ule umwagwe sementi, na Tarcisio ana watoto wanne. Nani amlaumu? Safinah alikunja mikono, akangoja. Ndipo Loice alipoelewa kwamba madam hakuamua lolote jana. Ameliacha jina ili aone nani atalibeba.

"Lamunu!" Odyek aliita mara ya pili. Hakuna mara ya tatu.

Loice hakukumbuka kuamua. Aliona tu viatu vyake vya ofisini vikigonga sementi, vikipita mbele ya mstari wa kwanza, vikiingia mstari wa pili, na yeye mwenyewe akiwa amesimama ndani ya lile pengo, mikono haijui pa kukaa, blauzi imechomoka upande mmoja.

"Likizo, afande!" alipiga kelele, na sauti ilitoka nyembamba mno. Akarudia kwa nguvu. "Likizo! Siku kumi na nne. Atarudi Jumatatu."

Hakuna aliyecheka. Odyek alimtazama Safinah, na mistari yote minne, bila kugeuza shingo, ikamtazama pia.

Safinah akafungua mikono.

"Andika, Odyek," alisema.

Odyek aliandika. Loice aliisikia kalamu, au alidhani ameisikia. Majina yakaendelea mpaka mwisho, naye akabaki kwenye pengo mpaka paredi ikavunjwa, kwa kuwa hakujua kama anaruhusiwa kutoka.

Safinah alimngoja kwenye ngazi.

"Hao wengine arobaini na moja. Wana siku ngapi?"

"Sijahesabu, madam."

"Jumatatu iwe kwa meza yangu. Mutu mmoja mmoja, na daftari ya Odyek pembeni." Alipanda ngazi mbili, akageuka. "Mimi sijafurahi, Roice. Usifikiri nimefurahi. Novemba tutaongea juu ya mukataba yako."

"Ndiyo, madam."

Basi hofu ilikuwa imehama tu, imetoka kwa Lamunu ikaja kukaa kwake. Alipanda juu akakaa kitini, akafungua dirisha kwanza, kisha akafuta yale maneno matatu yaliyokuwa yamebaki kwenye kompyuta. Ndipo simu yake ya mkononi ilipolia. Namba ya Lamunu.

"Madam Loice!" Nyuma ya sauti palikuwa na upepo na injini ya gari. "Simu imepata moto wa chaji sasa hivi, hapa barabarani. Naona umenipigia mara kumi na moja. Nikasema Yesu, siku yangu imeisha, nimehesabu vibaya. Nimefunga begi. Basi iko hapa mbele yangu, kondakta anaita. Jioni nitafika, naomba usiandike jina yangu mbaya."

"Mama, subiri. Miti imepandwa?"

"Bado. Watu ya kata walichelewa, wanakuja kesho asubuhi. Lakini nitaacha tu. Kazi ni kazi."

Loice alisimama. "Usipande hiyo basi! Mama, unanisikia? Usipande. Siku zako hazijaisha. Zimebaki tatu. Leo, kesho na Jumapili."

Upande wa pili kondakta alikuwa akiita Kampala, Kampala.

"Ya kweli?" Lamunu aliuliza kwa sauti ndogo. "Umehesabu vizuri?"

Loice alitazama chini kwenye uwanja. Walinzi walikuwa wameshatawanyika kwenda kwenye mageti yao, na Odyek alikuwa peke yake, daftari kwapani, akiokota kifungo kilichodondoka kwenye sare ya mtu.

"Mara ya kwanza sikuhesabu vizuri, mama," alisema. "Sasa nimehesabu. Rudi nyumbani."

Akalisikia basi likiondoka, na Lamunu akiwa bado kwenye simu.

"Imeenda," Lamunu alisema. "Mimi nimebaki."